Watoto Waliofaulu Mapema Mno

Jumatatu, 3 Februari

Leo utafiti umeingia mtaani kwetu Buyenzi. Tena umeingia kwa miguu, maana mafuta hakuna mjini na gari la chuo kikuu limelala. Madamu Cirimwami, mwalimu wa chuo kule Mutanga, alifika na tope hadi vifundoni. Nyuma yake mwanafunzi wake Destin, sanduku kichwani. Tukaitwa barazani kwa Bibi Houda: mimi, Zubeda na wazazi.

Madamu alieleza taratibu. Wanataka kujua ni mpango gani wa watoto wadogo unaowafaa kweli watoto na familia zao. Je, ni matenele, yaani chekechea ya asubuhi kama yangu, yenye mabenchi, ubao na nidhamu? Au ni kikundi cha mchana kama cha Zubeda, ambako wazazi huja na watoto wao, wakaketi chini wakacheza na vizibo vya soda? Watawapima watoto sasa, kisha... Hapa niliacha kusikiliza. Nilishasikia neno kupima. Kupima ni mtihani. Na mitihani, alhamdulillahi, naijua.

Jambo lenyewe ni hili. Uwanja tunaotumia ni wa Bibi Houda, ambaye ukoo wake umeuza vitambaa mjini hapa tangu zamani. Hatulipi kitu. Asubuhi nautumia mimi, mchana Zubeda. Sasa amechoka na ugomvi wetu. Akasema mbele ya watu wote: yule ambaye utafiti utaonyesha anawafaa watoto, uwanja ni wake, asubuhi na mchana. Mwingine atafute pengine. Pengine wapi? Nyumba yangu ni chumba na sebule. Bila uwanja hakuna Matenele Fikra Njema. Bila matenele hakuna kuitwa Direkteri. Nitarudi kuwa Tajudini tu, yule aliyejaribu kufuga bata bafuni.

Zubeda alitabasamu muda wote. Mtu anayetabasamu hivyo ana lake.

Jumanne, 4 Februari

Destin anapenda sambusa. Udhaifu mzuri sana kwa kijana wa utafiti. Nilimwalika chai, nikamsifu viatu, nikauliza kama mtu asiye na haja: hivi watoto watafanyishwa nini? Alimwaga yote, pamoja na makombo. Kuna vibao vya kujenga mnara. Kuna shanga za kutunga kwenye uzi. Kuna picha, mtoto azitaje: ng'ombe, birika, mwavuli, mpira. Halafu kuna biskuti. Inawekwa mbele ya mtoto, anaambiwa asiile mpaka Madamu arudi, ionekane kama anaweza kujizuia. Nikamuuliza Destin kama yeye angejizuia. Alichukua sambusa nyingine.

Mke wangu Hayat alisikia yote akiwa jikoni. Kijana alipoondoka akanijia: "Baba Nura, uache batoto ya watu." Nikamwambia hii ni sayansi. Akauliza ni sayansi gani inayoanza na sambusa zake.

Jumatano, 5 Februari

Mazoezi! Hapa kwetu mtoto hajibu peke yake. Ndivyo tulivyosoma madrasa, ndivyo walivyosoma baba zetu: mwalimu anasema, wote wanaitikia, anayejua anambeba asiyejua. Nikainua picha niliyochora mwenyewe. Ng'ombe! Wakaitikia kwa nguvu hata Chabani, fundi wa gereji iliyo ng'ambo ya barabara, akatoka na spana mkononi kuuliza nani kaingiza ng'ombe kartye, mtaani kwa watu.

Hana haya, huyo. Mtoto wake yuko kwa Zubeda, na yeye mwenyewe huenda huko mchana, mwanamume mzima mwenye ndevu, akalia kama mbuzi ili watoto wacheke.

Biskuti zimesumbua. Pakiti ya kwanza iliisha kabla sijamaliza kueleza sheria. Ya pili niliila mimi kuonyesha mfano mbaya. Kwa ya tatu nikabuni mbinu: kila mtoto akalie mikono yake na asome Kulhuwallahu moyoni mpaka amalize. Ikafanya kazi kwa wote isipokuwa Sami, ambaye anasoma haraka.

Mwanangu Nura, miaka minne, ndiye bora kuliko wote. Anajibu kabla sijauliza. Tukirudi nyumbani aliniuliza kama tutacheza. Nikamwambia asubuhi nzima tulikuwa tunacheza.

Alhamisi, 6 Februari

Ushindi! Ushindi mtupu!

Watoto waliingia barazani mmoja mmoja. Wengine niliwapanga nje, kimya. Kimya hakikudumu. Madamu alipoinua picha, mtoto aliye ndani akasema ng'ombe, na kundi zima nje likaitikia. Madamu akaomba wapelekwe mbali. Nikawapeleka gereji kwa Chabani wakahesabu matairi. Haikuharibu kitu. Minara ilisimama. Shanga ziliingia kwenye uzi. Biskuti zilibaki salama, hata ya Sami, ingawa yeye alisoma kwa sauti huku macho yamemtoka. Madamu alikuwa anaandika, anafuta, anaandika tena. Destin hakuthubutu kunitazama.

Kisha wakaingia wa Zubeda. Subhanallah! Mmoja alitia kibao mdomoni. Mwingine alivaa shanga akaenda nazo nyumbani. Mtoto wa Chabani alikula biskuti yake, akaomba na ya Madamu. Hakuna mnara uliofika magotini kwa paka.

Nilimwendea Zubeda kumpa pole. Nilisema kwa upole, ila kwa sauti ya kutosha watu wa barabarani. Akajibu: "Asante, Direkteri. Ya kwetu bado." Bado! Bado nini? Nilirudi nyumbani nikachinja jogoo.

Ijumaa, 7 Februari

Nimejipalia makaa.

Nikitoka msikitini nilimkuta Destin anazungukazunguka kwa muuza sambusa. Nikamuuliza lini Bibi Houda atatangaziwa mshindi. Alishangaa. Akanieleza kwamba kipimo cha kwanza ni cha kujua watoto wako wapi. Cha pili ni baada ya Idi. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya hivyo viwili: mpango umemwinua mtoto kutoka wapi hadi wapi. Tena Madamu aliyasema yote Jumatatu, barazani, mbele yangu.

Nikasema vizuri, wangu wako juu. "Njo shida, Direkteri," akasema. "Batoto yako bamejaa juu kabisa. Bataenda wapi tena? Ba Zubeda bako chini, njia yote iko mbele yabo."

Nikaona mambo yote yatakavyokuwa. Baada ya Idi watoto wa Zubeda watajenga minara na hawataondoka na shanga za watu, na itaandikwa kwamba kikundi chake kimewainua. Wangu watakuwa palepale. Itaandikwa: Tajudini, sifuri. Na uwanja utakwenda.

Sikuweza kula pilau. Hayat alikula sehemu yangu, akasema ni tamu.

Jumamosi, 8 Februari

Nimepanda Mutanga kwa miguu, maana mabasi yote yako kwenye foleni ya mafuta. Nilimkuta Madamu ofisini kwake. Nikamweleza kwamba siku ile watoto wangu hawakuwa kawaida. Labda homa. Kuna homa, nilimwambia, inayomfanya mtoto ajue mambo. Alinisikiliza kama daktari anavyomsikiliza mtu anayetaka ruhusa ya kutokwenda kazini.

Kisha akanipa zawadi bila kujua! Akasema hakuna shida. Katika utafiti wa kweli, watoto wengine hurudiwa baada ya siku chache, ionekane kama kipimo chenyewe kinatoa jibu lilelile. Tena alikuwa ameshapanga kuwarudia wangu. Wote. Jumanne.

Kwa nini wangu, na kwa nini wote, sikuuliza. Mungu hamtupi mja wake. Nilishuka mlima nikikimbia, wenye pikipiki waliokosa mafuta wakinishangilia.

Jumatatu, 10 Februari

Mazoezi ya kushindwa, ili baada ya Idi wawe na pa kupanda. Nilidhani ni rahisi, kumbe! Mtoto aliyefundishwa kusema ng'ombe anaona haya kusema kitu kingine. Ikabidi nianze mwenyewe. Nikainua ng'ombe, nikasema birika. Nikainua mwavuli, nikasema kuku. Nura akacheka. Sami akacheka. Uwanja mzima ukalipuka. Wakaninyang'anya picha wakaendelea wenyewe: mpira ni shangazi! Birika ni gari la harusi! Nafisa, binti mdogo ambaye tangu aanze kwangu hajafungua mdomo, alipanda juu ya benchi akaniita mimi kabichi. Alipoona sijakasirika, akaniita kabichi iliyooza.

Fujo tupu, muda umepotea. Nilipiga meza, nikawarudisha kwenye nidhamu, nikawafundisha makosa ya aina moja ili wasichanganyikiwe. Ng'ombe: birika. Birika: mwavuli. Nasema, wanaitikia. Wakaitikia vizuri sana, mikono magotini. Nafisa akanyamaza tena.

Zubeda alikuwa amesimama langoni na kikapu chake cha vizibo, sijui tangu saa ngapi. Akaniambia leo nimefundisha vizuri, mpaka pale nilipopiga meza. Wivu!

Jumanne, 11 Februari

Mvua tangu asubuhi. Watoto walipoanza kuingia barazani, mimi nilijikunja nje chini ya dirisha, nisikie.

Wa kwanza: ng'ombe ni birika. Vizuri. Wa pili: birika. Vizuri. Wa tatu birika, wa nne birika. Nikaanza kutokwa jasho kwenye mvua. Mtoto asiyejua hukosea kivyake. Wangu walikosea kwa nidhamu, wote kosa lilelile, kwa sauti ileile ya madrasa. Mnara waliujenga kwanza, tena mzuri, ndipo wakausukuma na kusema pole Madamu. Biskuti zililiwa kabla hazijafika mezani. Sami alisema bismillahi tu, ikawa imekwisha. Nilisikia Destin anakohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Madamu hakucheka.

Akaingia Nura. Nikasikia Madamu anaweka picha pembeni. Akamuuliza swali ambalo, nimejua leo, huulizwa kila mtoto: nyumbani nani anacheza na wewe? Hilo sikumfundisha. Destin hakunitajia, au sambusa ziliisha kabla hajafika hapo.

Nura akasema: "Mama. Na jogoo, lakini baba alimuchinja."

Madamu akauliza, na baba je? Nura akasema: "Baba hachezi. Baba anaulizaka tu."

Iliniuma. Nilitaka nisiandike zaidi, lakini naandika: iliniuma kifuani hasa. Maji ya paa yalikuwa yananidondokea shingoni na sikusogea. Mtoto wangu mwenyewe, ambaye nimemfundisha kila jibu, alikuwa na hilo moyoni siku zote, na ndilo pekee ambalo sikuwahi kumuuliza. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Bibi Houda alipofungua dirisha kumwaga makapi ya chai, yalinipata.

Jumatano, 12 Februari

Nimeitwa barazani. Madamu hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Alisema vipimo vya watoto wangu, vyote viwili, havitatumika, maana majibu yalifundishwa. Hawezi kusema matenele yangu inawafaa watoto, wala hawezi kusema haiwafai. Haijulikani. Katika utafiti, mimi sipo. Akasema linalomsikitisha ni kwamba wapo wazazi Buyenzi wanaotaka kujua wampeleke mtoto wapi, na kwa upande wangu hana la kuwaambia. Nilitazama miguu yangu. Wazazi wenyewe walikuwa wamesimama pale.

Bibi Houda alipaza kwa niaba yake. "We Tajudini! Mutoto si redio, ufungue, ufunge! Bata walikushinda, sasa unataka batoto?"

Nilijua uwanja umekwenda. Nilianza hata kufikiri mabenchi nitayaweka wapi. Aliyeninusuru ni Zubeda, na sijui nimchukie vipi kwa hilo. Alisema Jumatatu, kabla sijapiga meza, aliona darasa zuri, na Nafisa alisema. Mama yake Nafisa akaanza kulia, maana hakuwa na habari. Zubeda akaomba nisifukuzwe. Nije mchana kwenye kikundi na mtoto wangu, kama baba wengine, nijifunze. Madamu akakubali: atawapima watoto wangu upya, mwezi wa tatu, kwa michezo ambayo Destin haijui. Destin alitazama mvua.

Bibi Houda akasema atanivumilia kwa sharti moja. Nikikosa kikundi hata siku moja bila sababu, niondoe mabenchi.

Kwa hiyo mimi, Direkteri, ni mwanafunzi wa Zubeda. Hayat nilipomwambia aliingia chumbani akafunga mlango. Nilimsikia anacheka ndani ya mto.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwenda. Nimevua viatu, nimekaa mkekani ubavuni mwa Chabani, ambaye ananuka grisi. Zubeda akasema leo hakuna kumuuliza mtoto kitu. Mtoto anaongoza, mzazi anafuata. Nikauliza kwa muda gani. Akasema hapo nimeuliza.

Nura alifikiri sana. Kisha akatangaza kwamba mimi ni mgonjwa na yeye ni daktari. Akanilaza. Akanichoma sindano ya kijiti mkononi, mguuni, sikioni. Akasema nimekufa. Akabadili mawazo, akasema nimepona, akanipa uji wa mchanga kwenye kizibo. Sikujua kama wazazi wengine huunywa kweli, nikaunywa. Chabani akasema hajaona mgonjwa hodari namna hii. Nura akacheka mpaka akakaa chini. Hajawahi kucheka hivyo kwa sababu yangu.

Nilifurahi. Naandika wazi, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: nilifurahi kuliko siku ya ushindi. Aliponishika kidole kurudi nyumbani sikumuuliza rangi ya kitu chochote njiani. Mchanga bado uko menoni. Hila basi. Nimeapa. Basi kabisa!

Jumamosi, 15 Februari

Destin amepita. Sikumpa sambusa, alikuja na zake. Katika mazungumzo, bila mimi kuuliza (niliuliza kidogo), akasema Madamu ameongeza jambo. Faida ya familia haionekani kwa watoto peke yao. Jumanne atakuja kuwatazama baba wa kikundi wakicheza na watoto wao. Atawatazama tena baada ya Idi. Atalinganisha.

Atalinganisha!

Safari hii utafiti nimeuelewa. Muumini haumwi na nyoka mara mbili katika shimo moja. Nikicheza vizuri Jumanne, nitapanda wapi? Nitakuwa nimejaa juu kabisa. Inatakiwa Jumanne nionekane baba mbaya kuliko wote Buyenzi. Nikae kama gunia la mihogo. Mtoto anivute mkono, nisiamke. Kisha baada ya Idi ndipo nilipuke, na iandikwe kwamba hakuna baba aliyeinuliwa kama Tajudini. Hapo Zubeda atatabasamu tena tuone.

Nura alinijia na kijiti chake na kanga ya mama yake ya kunifunika. Nikamweleza taratibu: kwa siku chache tusicheze, tusicheke, tunune tu. Akauliza hospitali itafunguliwa lini. Nikasema baada ya Idi, mwanangu. Akakunja kanga vizuri, akaiweka chini, akakaa karibu nami mlangoni. Tukanuna. Yeye hafai kabisa, kila akinitazama anacheka. Na mimi nikimtazama mdomo unanicheza wenyewe, hata ikabidi nimgeuzie mgongo. Hayat alisimama nyuma yetu. Akaichukua kanga akaenda nayo ndani.

Ndipo nilipotazama ng'ambo ya barabara. Chabani amekaa mlangoni pa gereji na mwanawe ubavuni. Wamenuna! Wamenuna vizuri ajabu, baba na mtoto, kama watu waliofiwa. Destin alipita kwao kabla ya kuja kwangu, mhaini yule!

Kesho Nura na mimi tunaamka alfajiri. Hatuwezi kushindwa kununa na fundi magari.